Mabomu Yako Wapi? Maoni Yetu Juu ya The Caine Mutiny

Ndugu wasomaji, wale mnaohudhuria baraza yetu ya sinema hapa Muscat mnaijua kawaida yetu. Mara moja kwa mwezi, usiku wa Alhamisi, tunakusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, tunatazama filamu ya zamani, tunakunywa kahawa, kisha tunabishana mpaka mwenye nyumba aanze kukusanya vikombe kwa makelele ili tumwelewe. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa ya mzee wetu mmoja aliyekula chumvi nyingi, na nyingi ya chumvi hiyo ni ya bahari. Alichagua The Caine Mutiny, filamu ya Marekani ya mwaka 1954, kwa sababu moja tu: aliambiwa kuwa ni kisa cha meli ya kufagia mabomu. Filamu ikaisha, taa zikawashwa, sote tukamgeukia tusikie atasemaje. Akauliza: "Mabomu yako wapi?"

Tulicheka. Lakini tuliporudi majumbani swali lile lilitufuata, na makala haya ni jaribio letu la kulijibu, kwani tumeona kuwa halikuwa mzaha hata kidogo.

Kwanza tuwape habari ya filamu yenyewe wale ambao hawajaiona. Imetokana na riwaya ya Herman Wouk iliyotoka mwaka 1951 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wouk, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 103, hakuwa mtu wa kubuni bahari akiwa mezani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa ofisa katika meli mbili za kufagia mabomu, Zane na Southard, katika Bahari ya Pasifiki. Mwongozaji wa filamu ni Edward Dmytryk, na mtayarishaji ni Stanley Kramer. Meli inayoonekana ikiitwa Caine ilikuwa kwa hakika manowari ya kufagia mabomu, jina lake Thompson, iliyoshiriki vita vya Korea.

Kisa ni hiki. Kapteni Queeg, anayechezwa na Humphrey Bogart, anakabidhiwa meli chakavu yenye mabaharia wasiojali mavazi wala saluti. Anataka kuwanyoosha. Kidogo kidogo tunagundua kuwa mwenye kupinda ni yeye. Akishikwa na wasiwasi hutoa gololi mbili za chuma mfukoni na kuzisugua kiganjani. Anawafanyia watu uchunguzi wa usiku kucha kwa sababu ya stroberi zilizopotea jikoni. Siku ya kuzisindikiza boti za wanajeshi wanaokwenda kutua ufukweni, anazitangulia, anamwaga rangi ya manjano majini kuweka alama, kisha anageuza meli na kukimbia. Mwishowe, katikati ya tufani, msaidizi wake Maryk anamnyang'anya uongozi. Maryk anashtakiwa kwa uasi mbele ya mahakama ya kijeshi, wakili wake Greenwald anamhoji Queeg mpaka gololi zinatoka tena mfukoni, na Maryk anaachiwa huru.

Hapana shaka kuwa Bogart hapa alifika kilele. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, pamoja na ile ya mchezaji bora, ingawa haikupata hata moja. Kila anayeiona hukumbuka ule ushahidi wake mahakamani: mtu anaanza na maneno ya heshima, anaingia katika stroberi, anapotelea humo, na anapokuja kujisikia anakuta watu wote wamenyamaza. Tumewahi kuwa na wakubwa wa kazi wa namna hiyo, na wengine wetu, tuseme kweli, tumewahi kuwa wakubwa hao.

Sasa turudi kwa mzee na swali lake. Caine ni meli ya kufagia mabomu, lakini hakuna hata mahali pamoja katika filamu ambapo roho yako inaning'inia kwa sababu ya bomu. Kazi yenyewe inapita pembeni kama matangazo ya biashara. Ungeweza kuigeuza Caine ikawa meli ya kubeba unga na kisa kikabaki kilekile. Je, huo ni upungufu? Ili tujibu, hapana budi kwanza tujue kazi hiyo ilikuwaje.

Bomu la kawaida la baharini wakati wa vita vile lilikuwa tufe la chuma lenye pembe, lililojaa baruti na hewa ya kulifanya litake kuelea. Lilifungwa kwa waya kwenye uzito uliokaa chini, likasimama ndani ya maji pasipo kuonekana, likisubiri. Ndani ya kila pembe mlikuwa na kichupa cha tindikali. Meli ikiigonga pembe, kichupa kinavunjika, tindikali inaingia kwenye betri, umeme unapita, na basi. Meli ya kufagia ilikokota nyuma yake waya mrefu uliotandazwa upande kwa msaada wa boya na vibao vya kuuvuta mbali. Waya ule ulikuwa na makali ya kukata. Ukilikuta bomu, unakata waya wake, bomu linaibuka juu, na mabaharia wanalipiga kwa bunduki mpaka lilipuke au lizame.

Meli hizo zilikwenda polepole, kwa mstari ulionyooka, zikiwa zimepangana kwa mshazari. Kila moja ilipita katika maji yaliyokwisha kufagiwa na waya wa ile iliyo mbele yake. Meli ya kwanza tu ndiyo haikuwa na wa kuifagilia njia. Msomaji, lifikirie hilo kidogo. Kuna watu waliamka asubuhi, wakanywa chai, wakaambiwa leo zamu yenu kuwa mbele.

Na watu hao walikuwa nani? Uingereza wengi wao walikuwa wavuvi, waliochukuliwa pamoja na mashua zao za kuvulia. Katika mji wa Lowestoft, kituo chao wakati wa vita, kuna mnara wa kumbukumbu wenye majina 2,385 ya watu ambao hawana kaburi jingine isipokuwa bahari. Ndugu zetu mnaoishi Uingereza, siku mkienda pwani ile ya mashariki, upitieni.

Tazama sasa jinsi sinema ilivyowatendea. Mwaka 1998 Steven Spielberg alitupa Saving Private Ryan, na dakika zake za mwanzo katika ufukwe wa Omaha, tarehe 6 Juni 1944, zimesifiwa dunia nzima. Zinastahili sifa. Lakini zile boti zilifikaje pale? Usiku kucha kabla yake, meli za kufagia mabomu zilitangulia kukata njia kuelekea Normandy. Jioni ya tarehe 5 Juni meli moja ya Kimarekani iitwayo Osprey iligonga bomu ikazama na kuua mabaharia 6, siku moja kabla ya siku ambayo vitabu vyote vinaiadhimisha. Filamu inaanza pale ambapo kazi yao imekwisha. Mlango umefunguliwa, na hakuna anayeuliza nani aliufungua.

Miaka 6 baadaye, huko Wonsan, Korea, jambo hilohilo lilijirudia kwa uchungu zaidi. Tarehe 12 Oktoba 1950 meli mbili za kufagia, Pirate na Pledge, ziligonga mabomu na kuzama siku moja. Maelfu ya wanajeshi wa kutua walibaki baharini siku kadhaa wakipelekwa mbele na kurudishwa nyuma, wakisubiri njia isafishwe. Jeshi la majini lililoshinda Pasifiki nzima lilizuiwa na matufe ya chuma ya aina ambayo ilikuwa ya kizamani hata wakati huo. The Caine Mutiny ilipigwa mwaka 1953, wakati mabaharia waliokuwa Wonsan walikuwa hai na kumbukumbu ilikuwa mbichi. Hata hivyo filamu ikachagua stroberi.

Sisi wa upande huu wa dunia mambo haya si ya vitabuni tu. Mzee wetu alikuwa anafanya kazi katika boti ndogo ya kuhudumia meli zilizotia nanga nje ya Fujairah wakati wa vita vya Iran na Iraq. Tarehe 24 Julai 1987 meli ya mafuta Bridgeton, iliyokuwa ikisindikizwa na manowari za Marekani, iligonga bomu katika Ghuba. Walinzi hawakuwa na meli za kufagia. Basi ikatokea ajabu ambayo mzee huisimulia kwa kutikisa kichwa: manowari zikajipanga nyuma ya meli ya mafuta iliyotobolewa, kwa sababu yeye kwa ukubwa wake angeweza kuvumilia bomu jingine na wao wasingeweza. Aliyesindikizwa akawa ndiye msindikizaji. Tarehe 10 Agosti mwaka huohuo meli nyingine ya mafuta, Texaco Caribbean, ikagonga bomu karibu na Fujairah, palepale walipokuwa wakifanyia kazi akina mzee.

Tangu siku hiyo, anasema, aliwekwa kwenye omo ya boti tangu alfajiri mpaka magharibi, kazi yake ni kutazama maji. "Kila kitu cheusi kinachoelea ni bomu mpaka kithibitike kuwa ni pipa," alituambia. Alitazama mapipa, magogo, kasa, na siku moja mbuzi aliyekufa. Bomu hakuliona hata moja. Kijana mmoja katika baraza akamwuliza, "Sasa ami, si ulikuwa na bahati?" Mzee akajibu kuwa hajui kama ni bahati, anajua tu kwamba kwa miezi ile alikuwa akilala macho yakiendelea kutazama, na kwamba alimpiga mwenzake kofi kwa sababu ya kikombe cha chai. Kikombe cha chai, ndugu wasomaji. Hapo ndipo wengine wetu tulipozikumbuka zile stroberi.

Kwa nini basi sinema inaikwepa kazi hii? Jibu la haraka ni kwamba haina cha kuonyesha. Mfagiaji akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Meli imekwenda, imerudi, bahari ni ileile. Kamera inataka tukio, na ufanisi wa kazi hii ni kutokuwepo kwa tukio. Wangapi miongoni mwetu tunaishi kwa kazi za namna hiyo! Walinzi wa usiku, wauguzi wa zamu, mafundi wa lifti, wanaoangalia mitambo ya maji na umeme. Mwaka ukipita salama tunaulizwa tulikuwa tunafanya nini. Siku moja ikiharibika ndipo jina letu linajulikana.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwani wapo walioweza. Mwaka 2015 mwongozaji wa Denmark, Martin Zandvliet, alitoa filamu inayojulikana kwa Kiingereza kama Land of Mine. Inahusu mateka vijana wa Kijerumani waliolazimishwa mwaka 1945 kuondoa mabomu yaliyofukiwa katika fukwe za Denmark. Ni nchi kavu, si bahari, lakini kazi ni ndugu. Wavulana wanatambaa juu ya tumbo, wanachoma mchanga kwa kijiti taratibu, wanasikiliza. Zandvliet hakuogopa kutuonyesha jambo lilelile tena na tena, na kwa kurudia huko tukajifunza kuogopa mchanga. Sajenti anayewasimamia anaanza na chuki na kuishia na aibu, nasi tunaamini kila hatua yake kwa sababu tumeiona kazi inayombadilisha. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kwamba nayo mwishowe inategemea mlipuko: tunakaa tukihesabu nani anafuata. Lakini angalau inatukalisha pale mchangani.

Tusiwe wadhalimu kwa The Caine Mutiny. Ina sehemu moja inayoielewa meli yake kuliko wanavyojua hata watengenezaji wake. Caine inakokota shabaha ya mazoezi ya kulengea. Queeg anamwona baharia ambaye shati lake halikuchomekwa ndani ya suruali. Anaanza kumgombeza, anaendelea kumgombeza, na wakati huo meli inazunguka duara zima mpaka inapita juu ya kamba yake yenyewe na kuikata. Meli ambayo ufundi wake wote ni kukata nyaya za adui imejikatia yake kwa ajili ya shati. Hakuna hotuba inayoweza kulieleza tatizo la Queeg kuliko mzunguko ule.

Kuna pia mtu ambaye wengi hawamtazami. Ni mhudumu wa meza Whittaker, Mmarekani mweusi, anayechezwa na James Edwards. Ndiye anayeleta chakula, na stroberi zikipotea naye ni miongoni mwa wanaohojiwa. Katika jeshi la majini la Marekani la wakati ule watu weusi wengi waliwekwa jikoni na mezani, kwa hiyo filamu haisemi uongo. Lakini miaka 5 tu nyuma, mwaka 1949, mtayarishaji huyuhuyu Kramer alimpa Edwards nafasi ya mbele katika Home of the Brave, akicheza askari mweusi aliyevunjika moyo vitani. Safari hii anabeba trei. Bomu likiigonga meli halimchagui ofisa likamwacha mpishi. Filamu inachagua.

Tufike sasa kwenye mwisho, mahali tulipobishana mpaka kahawa ikaisha. Baada ya ushindi mahakamani, maofisa wanafanya karamu. Greenwald anaingia akiwa amelewa na kuwaharibia furaha. Anawaambia kwamba wakati wao walipokuwa katika raha zao za kiraia, watu kama Queeg ndio waliokuwa wakiilinda nchi. Anawakumbusha kuwa baada ya aibu ya rangi ya manjano Queeg aliwaita, akajaribu kwa njia yake ya kiburi kuwaomba msaada, nao wakanyamaza. Kisha anammwagia kinywaji usoni Keefer, yule ofisa mwandishi aliyepanda mbegu ya uasi na kuruka pembeni siku ya hukumu.

Dada mmoja muuguzi alisema Greenwald anawaonea. Tufani haingojei mtu akumbuke huruma, na Maryk aliokoa maisha. Tufani za aina hiyo zilikuwepo kweli: mwezi Desemba 1944 tufani ya Pasifiki ilizamisha manowari 3 za Marekani na kuua mamia ya watu. Kijana mwingine akasema hapana, kosa halikuwa siku ya tufani, lilikuwa siku ya kunyamaza. Mtu akiomba msaada vibaya, bado ameomba.

Sisi tunaona wote wawili wana haki, na filamu yenyewe ndiyo iliyoshindwa kuwapatanisha. Kwa muda mrefu inatufanya tumcheke na kumchukia Queeg, kisha kwa dakika chache inatukemea kwa kucheka. Inatuambia kwa mdomo wa wakili kuwa miaka ya vita katika Atlantiki ilimchosha mtu huyu mpaka akavunjika. Inatuambia, haituonyeshi, na wahenga walisema kuona kwaamini. Lau tungepewa robo saa tu ya meli ile ikitangulia katika maji yenye mabomu, tezi waya, omo macho ya watu, kimya kitupu, tungezielewa gololi mkononi mwa Queeg. Tungeelewa pia kwa nini mabaharia wake hawakuona haja ya kuchomeka shati. Hukumu yetu juu ya uasi ingekuwa nzito zaidi, kwa sababu tungejua kila mmoja alikuwa amebeba nini. Mabomu yakiondolewa, unyonge wa Queeg unabaki tabia mbaya ya mtu mmoja. Mabomu yakirudishwa, unakuwa gharama ya kazi.

Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa uhakiki kamili. The Caine Mutiny ni filamu nzuri, itazameni, mtazameni Bogart. Lakini mkiitazama, kwa kila sehemu ya stroberi na gololi, jiulizeni kilicho chini ya maji ambacho hakuna anayekitaja.

Tulipokuwa tunatoka usiku ule, kijana mmoja alimwuliza mzee kama yule mwenzake aliyepigwa kofi waliwahi kupatana. Akasema walipatana siku ileile, kwa kuwa boti ilikuwa ndogo na wote wawili walijua kofi lile lilitoka wapi. Hilo ndilo ambalo maofisa wa Caine hawakulijua kwa kapteni wao, au hawakutaka kulijua.

Mwezi ujao, panapo majaaliwa, zamu ya kuchagua ni ya yule dada muuguzi. Ameahidi filamu isiyo na bahari.